Kiambishi -me- katika Kiingereza cha Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza

Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza nchini Tanzania, aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, anapoonyeshwa picha ya mwanamke sokoni na kutakiwa aieleze kwa Kiingereza, aghalabu huandika: "The woman has worn a khanga. She has sat under a tree." Mwalimu hukata kwa kalamu nyekundu na kuandika juu yake "is wearing" na "is sitting". Mwanafunzi hunakili sahihisho hilo, na juma linalofuata hurudia kosa lile lile. Makala haya yanaeleza kwa nini hurudia, na yanadai kwamba sehemu kubwa ya chanzo imo katika ufundishaji wetu.

Tuanze na Kiswahili chenyewe. Picha ile ingeelezwa kwa ufasaha hivi: "Amevaa kanga, amekaa chini ya mti." Tukisema "anavaa kanga", msikilizaji atamwona mwanamke akijifunga kanga wakati huo huo. Vitenzi kama vaa, kaa, simama, lala, inama, choka, iva na jaa hutaja badiliko la kuingia katika hali fulani. Vinapoambatana na -me-, mara nyingi hueleza hali iliyopo baada ya badiliko hilo. Aliyelala yumo usingizini, na embe lililoiva ni bivu sasa. Kwa vitenzi kama jenga na andika, msisitizo huwa juu ya tendo lililokamilika, na hapo ndipo -me- hukaribiana zaidi na hali timilifu ya Kiingereza: "amejenga nyumba" ni "he has built a house".

Kiingereza nacho hutenga badiliko na hali, ila mara nyingi kazi hiyo hukiachia msamiati. "Put on" ni tendo la kuvaa, ilhali "wear" ni kuwa na vazi mwilini. "Fall asleep" ni kushikwa na usingizi, "be asleep" ni kuwamo usingizini. "Sit down" ni kuketi, "be sitting" ni kuwa umeketi. Embe, kwa upande wake, hupewa kivumishi: "is ripe". Kiswahili hubakiza kitenzi kile kile na kuitwika mofimu mzigo wote. Kwa hiyo "has worn a khanga" haina kasoro ya kimuundo: inasema kwamba mwanamke huyo amewahi kuvaa kanga, bila kutuambia kama anayo mwilini sasa. Kalamu nyekundu haielezi jambo hilo.

Ni nini basi kinachomfanya mwanafunzi aamini kwamba -me- ni "has"? Ni jedwali. Nimeliona ubaoni na katika madaftari kwa miaka mingi: -na- ni "is" na "-ing", -li- ni "-ed", -me- ni "has" au "have", -ta- ni "will". Nilifundishwa hivyo, na nilipokuwa mwalimu kijana nililiandika kwa mkono wangu. Tumezoea kuyaita makosa ya namna hii uhawilisho kutoka lugha ya kwanza, kana kwamba yamejileta yenyewe. Hapa uhawilisho umefundishwa darasani. Jedwali hilo hilo huzaa "He has arrived yesterday", kwa kuwa Kiswahili cha mazungumzo hukubali "amefika jana", ilhali hali timilifu ya Kiingereza haipatani na kielezi cha wakati uliokwisha.

Ubishi juu ya lugha ya kufundishia ni wa zamani. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike hadi sekondari na kuendelea, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Siuingilii hapa. Hata kama lingetekelezwa, somo la Kiingereza lingebaki, na mwalimu wake angekutana na mwanamke yule yule wa sokoni.

Linalofaa kuingiliwa ni kanuni ya shule nyingi inayokataza Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza. Mwanafunzi akiulizwa, "Huyu pichani anavaa au amevaa?", hujibu bila kusita. Maarifa anayoyahitaji anayo tayari. Mwalimu anachotakiwa ni kuyaanzia hayo, kisha kuonyesha kwamba "anavaa" huelekea "is putting on" na "amevaa" huelekea "is wearing". Swali hilo moja, linaloulizwa kwa sekunde chache, ndilo kanuni inalolizuia. Ni vigumu pia kuliuliza kwa mwalimu ambaye chuoni alisomea Kiingereza bila kugusa sarufi ya Kiswahili, kwa kuwa idara hizo mbili hukaa mbalimbali.

Uainishaji wenyewe haujakamilika. "Amebeba mtoto" na "ameshika kalamu" huelekea "is carrying" na "is holding", lakini beba na shika hupokea yambwa na huonekana, kwa mtazamo wa kwanza, kuwa vitenzi vya tendo kama jenga. Kinachovitenga na jenga, nadhani, ni kwamba mtendaji mwenyewe ndiye anayebaki katika hali mpya. Kwa jenga, kinachobaki ni nyumba. Vaa nayo iko upande huo wa beba na shika. Orodha ya vitenzi vya kundi hili, iliyopangwa kwa ajili ya mwalimu wa Kidato cha Kwanza, ni kazi inayomfaa mwanafunzi wa uzamili.