Kashima: Uwanja Uliozaa Klabu

Kwa kawaida klabu ya soka huanza kwanza, ikapata wapenzi wake, ndipo uwanja ukajengwa kwa ajili yake. Huko Kashima, mji mdogo wa pwani ya Pasifiki katika mkoa wa Ibaraki, kaskazini mashariki ya Tokyo, mambo yalikwenda kinyume, na mgeni anayefika kutazama mechi ya Kashima Antlers hataelewa vyema anachokiona asipofahamu kwamba bila uwanja ule klabu yenyewe isingekuwapo.

Hadi miaka ya 1960 eneo hilo lilikuwa la mchanga, wavuvi na wakulima, kabla ya serikali kuchimba bandari na kuvuta viwanda vya chuma na kemikali. Miongoni mwa waliohamia huko ni kampuni ya chuma ya Sumitomo, ambayo timu yake, iliyoanzishwa Osaka mwaka 1947, ilihamishiwa Kashima mwaka 1975. Ilikuwa timu ya kampuni kwa maana kamili, yaani wachezaji wake walikuwa waajiriwa wa kiwanda, mfano wa zile ambazo mpenzi wa soka wa Tanzania anazijua kupitia Mtibwa Sugar na Kagera Sugar, na wala haikuwa tishio kwa yeyote, kwani ligi ya kulipwa ilipokuwa ikiandaliwa yenyewe ilikuwa daraja la pili.

Ligi hiyo, J.League, iliundwa mwaka 1991 na kuanza kuchezwa Mei 1993, ikiwa na masharti mawili yaliyobadilisha sura ya soka ya Japani: jina la klabu lisibebe jina la kampuni inayoimiliki, na kila klabu iwe na mji wa nyumbani ambao inawajibika kwake. Kashima ilipoomba kuingia, mwenyekiti wa ligi, Saburo Kawabuchi, aliwaeleza wazi kwamba nafasi yao ilikuwa karibu na sifuri, labda wajenge uwanja wa soka wenye paa na viti 15,000, sharti ambalo pengine alilitoa kama njia ya heshima ya kuwakatalia watu wa mji ambao wakati huo ulikuwa na wakazi wapatao 45,000. Mkoa wa Ibaraki ulikubali kuujenga. Miji ya jirani na kampuni zilizokuwa na viwanda katika ukanda ule ziliunga mkono, kwa sababu ambayo haikuwa ya mahaba ya michezo hata kidogo: vijana hawakutaka kubaki mahali pasipo na burudani, na kiwanda kisicho na vijana hakina kesho.

Mchezaji aliyeupa mpango huo uhai alikuwa Mbrazili Zico, aliyefika mwaka 1991 akiwa na umri wa miaka 38, baada ya kustaafu soka na kushika wadhifa wa michezo katika serikali ya nchi yake. Tarehe 16 Mei 1993, katika mechi ya kwanza ya ligi uwanjani Kashima, alifunga mabao matatu na Nagoya Grampus Eight ikalala 5-0. Mabao hayo ndiyo yanayosimuliwa zaidi, lakini lililo kubwa ni kwamba aliwafundisha waajiriwa wa kiwanda nidhamu ya kazi ya mchezaji wa kulipwa, kuanzia utunzaji wa viatu hadi hasira ya kushindwa. Kati ya mwaka 1996 na 2016 klabu ilitwaa ubingwa wa ligi mara 8, ikiwemo mara 3 mfululizo kuanzia 2007, na mwaka 2018 ikachukua Ligi ya Mabingwa ya Asia, rekodi ambayo klabu nyingi za miji mikubwa zaidi hazijaifikia.

Uwanja wenyewe ulipanuliwa kwa ajili ya Kombe la Dunia la mwaka 2002 hadi kubeba watu wapatao 40,000, idadi inayozidi nusu ya wakazi wote wa mji, na ni humo ambamo Nigeria ilifungwa na Argentina 1-0 kwa kichwa cha Batistuta. Tofauti na viwanja vingi vya Japani vilivyojengwa kwa matumizi mengi, hauna njia ya riadha inayozunguka nyasi, hivyo mtazamaji wa safu za mbele husikia beki akimgombeza mwenzake, na kelele za wanaosimama nyuma ya goli hugonga paa na kurudi chini.

Kufika huko ndiko kugumu. Basi la kasi kutoka kituo cha Tokyo huchukua kama saa mbili, na zaidi barabara zikijaa. Treni ni chache, na kituo kiitwacho Kashima Soccer Stadium, kilicho hatua chache tu kutoka malangoni, hutumiwa na treni siku za mechi pekee. Wenyeji wengi huja kwa magari, na msongamano wa kutoka baada ya kipyenga cha mwisho una sifa mbaya inayostahili.

Langoni, mwenye chupa au kopo la kinywaji hutakiwa kukimimina katika kikombe cha karatasi kabla ya kuingia, kwa kuwa vyombo vigumu haviruhusiwi ndani. Chakula kinachotafutwa kuliko vyote ni motsuni, yaani supu nzito ya utumbo uliochemshwa muda mrefu pamoja na figili na miso, ambayo ni rojo zito la soya iliyochachushwa, kisha ikanyunyiziwa vitunguu vya majani. Mara nyingi utumbo huo ni wa nguruwe, na Mwislamu hana budi kuulizia kabla ya kupanga foleni. Wageni wa timu pinzani hutengewa jukwaa lao, na jezi yao haivaliwi upande wa wenyeji, utaratibu ambao hufuatwa bila mabishano.

Jina la Antlers, yaani pembe za paa, linatokana na hekalu la kale la Kashima Jingu, ambalo hufuga paa kama wajumbe wa mungu wake wa radi na vita, na ambalo timu hulizuru kila msimu unapokaribia kuanza.

Kwa kuwa mechi za nyumbani ni chache katika mwaka na mji ni mdogo, uwanja usingeweza kujilipia kwa tiketi pekee, na tangu mwaka 2006 mkoa, ambao ndio mmiliki, umeikabidhi klabu uendeshaji wake wa kila siku. Klabu imeweka humo ukumbi wa mazoezi ya viungo na kliniki ya michezo, na kuna makumbusho yenye kumbukumbu za Kombe la Dunia. Anayefika siku isiyo na mechi, baada ya kushuka katika kituo cha Kashima Jingu na kukodi teksi, atakuta chini ya majukwaa wazee wa mji wakifanya mazoezi ya magoti.