Usikidanganye kioo, kidonda cha jana hakifutwi hivyo

Asubuhi uko mbele ya kioo unarudia: "Nilipendwa. Sikuwahi kuachwa." TikTok imekwambia ukisema hivyo kila siku, hata yaliyopita yatabadilika.

Wazo hili si geni. Neville Goddard, mzaliwa wa Barbados, alilifundisha Marekani miaka ya 1950: kabla ya kulala, lirudie akilini tukio lililokuumiza, ulione jinsi ulivyotaka liwe.

Lakini chunga. Mwaka wa 2009, mwanasaikolojia Joanne Wood na wenzake nchini Kanada waligundua kuwa watu wasiojithamini, waliporudia kauli kwamba wanapendeka, walijihisi vibaya kuliko wenzao ambao hawakuirudia. Moyo ukisikia uongo, unabisha.

Mimi niliacha chuo karo ilipokosekana. Kujiambia "nilihitimu" kungenisaidia nini? Yangu ni hii: "Nilikosa karo, sikukosa akili." Hiyo naiamini.

Kwa hivyo wewe uliyeambiwa nyumbani hutafika popote, usiifute siku hiyo. Ipe maana nyingine: "Waliniumiza, na sikustahili." Na kama kidonda bado kibichi, tafuta mshauri nasaha ama rafiki anayejua kusikiza. Kioo hakijibu, msee.