Ugawanaji wa Mafaili baina ya Kompyuta na Uhifadhi wa Rekodi za Kiswahili

Makala haya yanaeleza namna kompyuta zinavyogawana mafaili moja kwa moja, na yanabainisha sharti ambalo vyuo vyetu havina budi kulitimiza kabla ya kuutumia utaratibu huo kusambaza rekodi za lugha.

Katika mfumo wa kawaida, watumiaji wote hupakua faili kutoka seva moja; seva ikizimwa, wote hukosa. Napster, iliyoanza mwaka 1999, iliwawezesha watumiaji kupeana muziki wao kwa wao, lakini orodha ya mafaili ilibaki katika seva zake. Amri za mahakama ya Marekani zilipoibana mwaka 2001, huduma yote ilisimama.

Itifaki ya BitTorrent, iliyobuniwa na Bram Cohen na kutolewa mwaka huohuo, hulikata faili vipande vipande. Kila kipande hukokotolewa alama yake ya utambuzi, hivyo kilichoharibika njiani hugunduliwa na kukataliwa. Mpokeaji huchukua vipande kutoka kompyuta kadhaa kwa wakati mmoja, huku akiwapa wengine vile alivyokwisha kuvipata. Vipande adimu hutangulizwa ili visitoweke, na anayetoa hupendelewa katika kupokea. Kwa sababu hiyo, wanaopakua wakiongezeka, uwezo wa kutoa nao huongezeka.

Hata hivyo, alama hizo huthibitisha usahihi wa kipande tu. Hazihakikishi kwamba yupo anayekihifadhi. Muziki unaopendwa huweza kupata watoaji wengi. Rekodi za Kingwana au Chimiini, zinazohitajiwa na watafiti wachache, huenda zikawa na mtoaji mmoja. Akizima kompyuta yake mapema, waliosalia huweza kubaki na asilimia 99 ya faili bila njia ya kulikamilisha. Aidha, rekodi ikishasambaa, hakuna seva ambayo ikifungwa itairudisha.

Kutokana na hali hiyo, makala yanapendekeza mambo mawili. Kwanza, kila mkusanyiko wa rekodi uwe na angalau vyuo vitatu, katika nchi tofauti, vyenye wajibu ulioandikwa wa kuweka nakala kamili mtandaoni wakati wote, pamoja na bajeti ya umeme na vifaa. Pili, idhini ya wasemaji ipatikane kabla ya kipande cha kwanza kutolewa, nao waelezwe wazi kwamba uamuzi huo hautaweza kutenguliwa.