Mahale: safari ya miguu porini hadi ufuko wa Tanganyika, ambako mafua ya mgeni yanaweza kuua

Ngambo ya ziwa Tanganyika, upande wa Tanzania, karibu kutazamana na mji wa Kalemie, kuna ufuko wa mchanga mweupe ambao hauna barabara, hauna soko wala kelele za pikipiki. Nyuma yake msitu unapanda moja kwa moja hadi kwenye milima. Hapo ni Mahale, mbuga ya taifa tangu mwaka 1985, yenye ukubwa wa kilometa za mraba 1,613. Marafiki wawili wanaotaka kutembea porini asubuhi na kupumzika ziwani jioni hawatapata pahali pazuri zaidi katika eneo lote la Maziwa Makubwa. Lakini kabla ya kuanza mwendo, kila mmoja ataulizwa swali moja: una kikohozi?

Swali hilo halikuwekwa kwa ajili ya afya ya mgeni. Linalinda wenyeji wa msitu, sokwe mtu, wale ambao wengi Kongo huwaita shimpanze.

Kufika kwa maji, kutembea kwa miguu

Mahale iko kilometa kama 120 kusini ya Kigoma. Ndani ya mbuga hakuna barabara ya gari. Wenye pesa nyingi hufika kwa ndege ndogo, halafu wanapanda mashua. Wengine huja kwa maji kutoka Kigoma. Kwa miaka mingi meli Liemba, iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1913, ndiyo iliyobeba watu na mizigo kwenye mwambao huu, ikisimama mbali kidogo na nchi kavu huku mitumbwi ikija kupokea abiria.

Wakaaji wa Uvira, Baraka na Kalemie hawahitaji kufundishwa juu ya ziwa hili. Wanajua namna upepo unavyoweza kugeuka na mawimbi kupanda haraka, na wanajua mashua iliyojazwa kupita kiasi inavyomaliza familia. Kwa hiyo ushauri wa kwanza ni ule ule wa kila siku: usipande mashua isiyo na jaketi la kuokoa maisha, na usiondoke wakati wavuvi wenyewe wamebaki ufukoni.

Ukisha kufika, kila kitu ni kwa miguu, na hakuna anayeingia msituni bila muongozaji wa mbuga. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa kumi, wakati wa jua, njia ni kavu na mara nyingi sokwe hushuka karibu na ziwa. Siku hizo mwendo unaweza kuwa wa saa moja tu. Wakati wa mvua njia inateleza, vijito vinajaa, na watembeaji wanaweza kupanda na kushuka nusu siku nzima. Hapo ndipo faida ya kwenda wawili inaonekana. Mmoja anashika mkono wa mwenzake kwenye jiwe lenye maji, mmoja anabeba chupa ya maji wakati mwingine anapumua. Viatu vyenye meno, suruali ndefu na soksi za kufunika miguu ni vya lazima, kwa sababu siafu hawana habari na mgeni.

Anayetaka mwendo mkubwa zaidi anaweza kupanda mlima Nkungwe, wenye kimo cha meta 2,462. Ziwa lenyewe liko kwenye meta 770 hivi, kwa hiyo ni kupanda zaidi ya meta 1,600. Kazi hiyo inaomba siku mbili au tatu, hema, chakula cha kutosha na askari wa mbuga mwenye bunduki.

Wenyeji wa msitu

Sokwe wa Mahale wanajulikana dunia nzima kwa sababu wamefuatiliwa kwa miaka zaidi ya 60. Mwaka 1965 Toshisada Nishida, aliyekuwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kyoto nchini Japani, alianza kuwachunguza hapo. Mwanzoni watafiti waliwapa miwa ili wazoee watu. Desturi ya kuwapa chakula ilimalizika mwaka 1987, na tangu hapo sokwe wanafuatwa tu na kutazamwa. Kundi ambalo wageni hupelekwa kuliona, kundi M, lina sokwe kama 60. Kila mmoja ana jina lake, na watafiti wanajua mama yake ni nani.

Mambo yaliyoonekana hapo yalibadilisha fikra za wengi. Sokwe wa Mahale huingiza vijiti kwenye matundu ya miti na kutoa chungu wa kula. Wawili wakisafishana manyoya, kila mmoja huinua mkono juu na kushikana na mwenzake, desturi ambayo sokwe wa Gombe, kwenye mwambao ule ule wa ziwa, hawakuonekana nayo.

Mwaka 1987 Michael Huffman, mtafiti, na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe mjuzi wa dawa za miti, walimuona sokwe jike mgonjwa akimenya tawi la mti mchungu, akitafuna kiini na kunyonya maji yake. Siku iliyofuata alikuwa amepata nguvu. Kalunde aliujua mti ule vizuri, kwa sababu watu wake hutibu nao homa na magonjwa ya tumbo. Ni mti ule ambao katika Kivu wengi huuita mubirizi, na mama wengi wamekwisha kuwanywesha watoto wao majani yake.

Ugonjwa unaoletwa na mgeni

Damu ya sokwe na ya mtu inakaribiana mno: zaidi ya asilimia 98 ya urithi wao wa mwili inafanana. Ndiyo maana dawa ya mmoja inamfaa mwingine, na ndiyo maana pia ugonjwa wa mmoja unamshika mwingine. Mafua ambayo mtu anayamaliza kwa siku tatu akinywa chai ya tangawizi yanaweza kuingia kwenye mapafu ya sokwe na kumuua, kwa sababu mwili wake haujawahi kuyajua.

Katikati ya mwaka 2006 hilo lilionekana Mahale. Kundi M liliingiliwa na ugonjwa wa kifua. Sokwe walikohoa, wakapiga chafya, wakashindwa kufuata wenzao, na kadhaa walikufa, pamoja na watoto. Wachunguzi walikuta kirusi chenye uhusiano na kile kinacholeta mafua kwa watu.

Masharti ya leo yanatoka huko. Mgeni anavaa barakoa. Anakaa umbali wa meta 10. Anapewa saa moja tu mbele ya sokwe, katika kikundi kidogo. Hali chakula karibu nao, hatemi mate chini, na akishikwa na haja anarudi mbali. Mwenye kikohozi au mafua anabaki ufukoni, hata kama amelipa na ametoka mbali. Wanaotembelea ngagi wa Virunga wanazijua sheria za namna hiyo.

Hapo urafiki unapimwa kuliko kwenye mlima. Mtu ametumia pesa ya miezi mingi, koo limeanza kumuwasha usiku, na asubuhi anamuomba mwenzake asiseme kitu. Rafiki wa kweli anasema. Muongozaji hawezi kuona homa iliyofichwa kwa dawa. Anayelala hema moja na mgonjwa ndiye anayejua.

Ufuko umenyamaza, lakini ulikuwa na watu

Baada ya msitu, njia inashuka kwenye mchanga. Maji ni safi hata mawe ya chini yanaonekana, na samaki wadogo wa rangi nyingi wanapita katikati yake. Hata hivyo, si kila pahali pa kuoga: mamba na kiboko wapo, na muongozaji ndiye anayesema wapi panafaa. Uvuvi umekatazwa katika ukanda wa maji wa upana wa kilometa 1.6 kutoka ufuko wa mbuga. Hapo samaki wanazaliana, na wanaotoka nje ya ukanda huo wanaingia nyavuni mwa wavuvi.

Kimya hicho kina bei yake, na wengine waliilipa zamani. Kabla ya mbuga, Watongwe waliishi kwenye mwambao huu, wakilima mihogo na kuvua, na milima ilikuwa na pahali pao pa kuheshimu mizimu. Waliondolewa, na vijiji vyao vikamezwa na pori. Wanaume Watongwe waliwaongoza watafiti kwenye njia za msitu tangu mwanzo, na elimu ya dawa iliyotajwa hapo juu ilitoka kwao. Katika Kongo habari hiyo si ngeni. Batwa waliondolewa Kahuzi-Biega katika miaka ya 1970, na mwaka 2024 ilitangazwa kwamba Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu imewapa haki katika mashitaka yao.

Upande wa Kongo

Siku hewa ikiwa safi, anayekaa kwenye ufuko wa Mahale anaona milima ya Kongo ngambo. Kaskazini ya Kalemie kuna msitu wa Kabobo, uliofanywa hifadhi ya jimbo la Tanganyika mwaka 2016. Nao una sokwe mtu, una mbega wa Prigogine anayejulikana kuishi huko tu, na unashuka kuelekea ziwa lile lile. Hapo mipaka ilizungumzwa na jamii zinazokaa kando ya msitu, wakiwemo Batwa.

Kinachokosekana Kabobo ni amani na njia ya kufika. Makundi yenye silaha, uchimbaji wa dhahabu na ukataji wa miti vimeufanya msitu huo kuwa pahali ambapo marafiki wawili hawaendi kutembea. Siku usalama utakaporudi, vijana wa Kalemie na Fizi wanaweza kupata kazi ya kuongoza wageni kwenye ardhi yao wenyewe, bila mtu kuhamishwa. Watahitaji mashua salama, waongozaji waliofundishwa na sanduku la barakoa, pamoja na ujasiri wa kumwambia mgeni aliyelipa kwamba leo, kwa sababu ya kikohozi chake, haingii.