Sukuma Zako Zinanyauka? Inama Uzitazame Kwanza

Huenda hadithi hii ni yako pia, msomaji. Siku moja unachoka kumpelekea mama mboga pesa kila jioni. Unanunua pakiti ya mbegu, unalima kijisehemu nyuma ya nyumba au unajaza udongo kwenye mikebe ya rangi pale roshanini, kisha unawatangazia watoto kwamba kuanzia mwezi ujao sukuma wiki haitanunuliwa tena. Baada ya majuma matatu nusu ya miche imekatika shingo, iliyosalia ina majani ya manjano, na wadudu wamebanana chini ya majani kama abiria wa matatu ya jioni. Unasema, "Mimi sina mkono wa kupanda," na mikebe inageuka kuwa ya takataka.

Usikate tamaa. Hakuna aliyezaliwa na mkono wa kupanda. Matatizo yanayomsumbua anayeanza kulima nyumbani ni yale yale machache, na mengi yana tiba hapo hapo nyumbani. Kosa letu watu wa mjini ni kwamba tukiona jani limeharibika, twakimbilia dawa kabla ya kuujua ugonjwa. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo, nusura niwalishe wanangu sumu.

Ilikuwa hivi. Nilipoona sukuma zangu zimejaa wadudu wa kijivu, nilienda dukani nikauziwa dawa iliyomiminwa katika chupa ya soda, bila kibandiko wala maelezo. Nilinyunyiza Jumanne jioni. Kufikia Alhamisi wadudu walikuwa wamekufa wote. Nilichuma fungu zima nikaanza kulikatakata. Jirani yangu, mama mmoja aliyelima mashambani kwa miaka mingi kabla ya kuhamia mjini, alikuwa amekuja kuomba chumvi.

"Hizi si zile ulizopiga dawa, mwanangu?"

"Ndizo, mama. Si unaona zilivyopona?"

"Ulipiga lini?"

"Juzi."

Hakusema neno. Aliichukua sufuria akazimwaga mboga zote, kisha akaniuliza dawa ile ilitaka kungojwa siku ngapi kabla ya mboga kuliwa. Sikujua. Chupa ya soda haikuwa imeandikwa chochote. Jioni hiyo tulikula ugali kwa maziwa. Mtoto wangu mdogo alikuwa na umri wa miaka miwili.

Asubuhi iliyofuata mama huyo alinipeleka shambani kwangu, akaniambia nichuchumae. Mtaka cha mvunguni, alisema, sharti ainame. Aliyonionyesha siku hiyo, pamoja na niliyojifunza baadaye kwa kukosea tena na tena, ndiyo ninayokuletea leo.

UDONGO USIOFAA

Anza na udongo. Mkazi wa magharibi mwa Nairobi, tuseme Kawangware au Dagoretti, ana bahati ya udongo mwekundu unaopitisha maji vizuri. Wa Embakasi au Kitengela ana ule mweusi ambao mvua ikinyesha huganda viatuni kama lami, na jua likiwaka hupasuka nyufa. Udongo huu haukosi rutuba, lakini hushika maji mno na mizizi hukosa hewa. Uinue kwa kutengeneza matuta, na uuchanganye na samadi iliyooza. Kwa mikebe na magunia, karai mbili za udongo kwa karai moja ya samadi ni kipimo kizuri.

Sikiza neno hilo: iliyooza. Wengi huchukua kinyesi cha kuku kikiwa kibichi wakakitia shimoni pamoja na mche. Samadi mbichi huunguza mizizi, na siku chache baadaye majani hukauka kingo kana kwamba yamepitiwa na moto. Ilundike, uifunike na kuigeuza mara kwa mara kwa miezi miwili au mitatu. Ikiwa tayari haitoi harufu kali wala joto, na hufanana na udongo.

Pia usichote udongo kando ya barabara kuu, karibu na gereji au kwenye jaa la taka. Udongo wa mahali kama hapo huenda una risasi na sumu nyingine zisizoonekana kwa macho, na mboga haiwezi kukuonya.

MAJI MENGI, MAJI MACHACHE

Anayeanza huua mimea mingi kwa kuinywesha kupita kiasi kuliko kwa kuisahau. Tena dalili hukanganya: mmea uliozama majini hunyauka kama ule wenye kiu, nasi tukiuona umelegea twauongezea maji zaidi. Kipimo ni kidole chako. Kitie udongoni hadi kiungo cha pili. Kikitoka kikavu, mwagilia. Kikitoka na unyevu, acha hadi kesho. Na ukiona majani yamelegea saa saba mchana jua likiwa kali, subiri jioni. Yakisimama yenyewe, mmea hauna ugonjwa wowote.

Mwagilia asubuhi na mapema, na uelekeze maji shinani badala ya kuyamwaga juu ya majani. Kila mkebe uwe na matundu chini. Lakini ukikaa ghorofani, weka beseni au sahani chini ya mkebe, la sivyo maji ya matope yatadondokea nguo za jirani wa chini na amani ya ploti itavunjika.

Maji ya mfereji yakiwa ya mgao, tumia yale uliyooshea mchele na mboga. Tandaza nyasi kavu juu ya udongo ili unyevu usipotee upesi. Usinyweshe mboga kwa maji ya mtaro au ya choo, hata ukiona wengine wakifanya hivyo kandokando ya mito ya jiji. Faida ya kujilimia ni kujua ulacho kimetoka wapi.

MAJANI YA MANJANO

Tazama ni majani yapi. Yakianza kugeuka yale ya chini, yaliyozeeka, huku ya juu yakiwa kijani hafifu na mmea haukui, aghalabu ni njaa ya naitrojeni. Tia samadi iliyooza kuzunguka shina na ungoje wiki mbili. Yakiwa manjano mmea mzima na udongo umelowa, rudi kwenye habari ya maji. Na ikiwa mmea umerefuka kwa wembamba ukiinamia upande mmoja, unatafuta jua. Sukuma na nyanya hutaka jua la moja kwa moja, yapata saa sita kwa siku. Roshani iliyozibwa na jengo la jirani haiwezi kukuzalia nyanya. Dania, spinachi na vitunguu vya majani huvumilia kivuli kidogo, basi panda hivyo.

MICHE INAYOKATIKA USIKU

Jioni umepanda miche kumi, asubuhi mitano imelala chini kana kwamba imekatwa kwa wembe. Usimshuku jirani wala kuku wake. Chimbua udongo taratibu kandokando ya mche ulioanguka, na huenda ukamkuta kiwavi mnene wa rangi ya vumbi amejikunja. Huyo hula usiku na kulala mchana. Muue. Kisha uzungushie kila mche pete ya karatasi ngumu au mkebe uliotolewa kitako, uizike kiasi cha vidole viwili. Hataweza kupita.

Miche ikioza shingo ingali kitaluni, kosa ni jingine: umesia mbegu kwa kubananisha na kumwagilia mno. Sia kwa nafasi na uache hewa ipite.

Na mbegu za dania zikikataa kuota, usimlaumu mwenye duka upesi. Kila punje ya dania ni mbegu mbili zilizoshikana. Ziviringe kwa chupa zigawanyike kabla ya kusia, na uvumilie, kwani huweza kuchukua wiki mbili au zaidi kuchomoza.

WADUDU CHINI YA MAJANI

Hapa ndipo nilipokosea. Wale wa kijivu wanaoonekana kama unga ni vidukari, nao hufyonza utomvu hadi jani likajikunja. Wakiwa wachache, wapanguse kwa kidole au kwa maji yenye nguvu. Wakizidi, koroga kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, unyunyize jioni, ukihakikisha umefika upande wa chini wa jani. Rudia baada ya siku chache. Jani lililojaa kabisa likate ulitupe. Wengine hutumia jivu la jikoni, nalo husaidia mvua isiponyesha. Ukimwona kobe mdogo mwekundu mwenye madoadoa, mwache. Huyo hula vidukari, na dawa kali ingemuua pia.

Majani yakiwa na matundu, tafuta viwavi wadogo wa kijani. Kwa shamba la nyuma ya nyumba huhitaji dawa. Watume watoto wakawaokote asubuhi kabla ya shule.

Ikiwa ni lazima utumie dawa, nunua ile iliyo ndani ya pakiti au chupa yake halisi, iliyoandikwa mboga unayotaka kuitibu. Soma idadi ya siku za kungoja kabla ya kuvuna, uandike tarehe uliyonyunyiza pale jikoni. Usiitie kamwe katika chupa ya soda au ya maji, kwa kuwa mtoto hajui tofauti.

NYANYA NYEUSI KITAKONI

Nyanya huwavunja moyo wengi. Tunda likiwa na baka jeusi lililobonyea upande wa chini, hilo si la wadudu. Mmea umekosa chokaa kwa sababu maji yalikuja kwa vishindo: leo mafuriko, wiki ijayo ukame. Mwagilia kwa kiasi kile kile kila mara, utandaze nyasi, na matunda yatakayofuata yatakuwa mazima.

Lakini ukiona mabaka ya kahawia majani yakiwa kama yameloweshwa, na ukungu mweupe kwa chini, wakati wa mvua ya Aprili au baridi ya Julai, hiyo ni blaiti. Huenea upesi. Ng'oa mmea huo, uutupe mbali na shimo la mbolea. Usipande nyanya palipokuwa na viazi, maana ugonjwa wao ni mmoja. Fungia miche kwenye vijiti ili majani yasiguse udongo, na kwa mwaka wa kwanza zikwepe nyanya katika msimu wa mvua nyingi.

NISIPOKUWA NA SHAMBA JE?

Gunia latosha. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, chakula kilipoadimika, shirika la Solidarités kutoka Ufaransa liliwasaidia wakazi wengi wa Kibera kulima mboga katika magunia. Namna yake ni rahisi. Simamisha gunia, weka katikati mkebe usio na kitako, ujaze mkebe mawe madogo na uzungushie udongo. Uvute mkebe juu, ujaze tena, hadi gunia lijae. Ule mnara wa mawe hupitisha maji hadi chini. Toboa matundu pembeni, upande sukuma humo na juu. Gunia lililolowa ni zito sana, basi liweke chini uani, si roshanini. Zungumza na mwenye nyumba kwanza. Kwa upande wa sheria, Kaunti ya Nairobi ilipitisha mwaka wa 2015 sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini, kwa hivyo mboga zako si kosa ili mradi hazimsumbui mwingine.

Mwisho ni subira. Sukuma huanza kuchumwa kiasi cha mwezi mmoja na nusu baada ya miche kupandikizwa. Chuma majani ya chini na uyaache manne au matano ya juu, nao mmea utakulisha kwa miezi. Kama watoto hawawezi kungoja, panda terere kando, kwani huwa tayari baada ya wiki tatu au nne hivi.

Usianze na magunia kumi. Anza na moja, na kila asubuhi kabla ya kwenda kazini au chuoni, inama ugeuze majani matatu utazame chini yake. Hiyo ni kazi ya dakika mbili. Jirani yangu yule alirudi mashambani, lakini sukuma alizonisaidia kuziokoa zilitulisha hadi mwaka ukaisha. Sikupiga dawa tena. Mtoto aliyekuwa na miaka miwili sasa ndiye anayeokota viwavi, na huniletea akiwahesabu.