Ufunguo wa duka haupakiwi ndani ya kontena

Na Mwandishi Wetu, Kabeza

WAFANYABIASHARA wanaopitisha mizigo Rusumo na Gatuna wanalijua kontena vizuri. Likishafungwa na kupigwa lakiri Dar es Salaam au Mombasa, hakuna mwenye akili timamu atakayeacha ufunguo wa stoo yake ndani, katikati ya maboksi. Mikono itakayoligusa njiani ni mingi mno.

Hata hivyo, ndivyo wanavyofanya baadhi ya vijana wanaotutengenezea programu za biashara.

Nililifahamu hilo hapa Kabeza. Mama mmoja muuza nguo, aliyerejea kutoka Tanzania kama mimi, alinifuata shuleni baada ya vipindi. Kikundi chao kilikuwa kimetengenezewa programu ya kupokea malipo ya simu, na fundi alikuwa kijana niliyemfundisha.

"Mwalimu, fundi anaondoka, na nakala ya programu ameshawapa watu watatu. Fedha zetu zitapona?"

Nikamwita kijana. Alieleza kwamba programu za siku hizi hufungashwa pamoja na kila zinachohitaji, ili zifanye kazi vilevile kwenye kompyuta yoyote. Kifungashio hicho huitwa kontena, kwa kufananishwa na lile la bandarini. Hata Docker, chombo kilichoeneza mtindo huo kuanzia mwaka 2013, maana ya jina lake ni kuli wa bandari.

Sasa, ili programu ipokee malipo, inahitaji ufunguo: mstari mrefu wa herufi na tarakimu unaoitambulisha kwenye mtambo wa malipo. Aliye nao huhesabiwa kuwa ndiye mwenye biashara. Kijana alikuwa ameuandika humo humo ndani.

"Lakini niliufuta, Mwalimu," alijitetea.

Kumbe kontena hujengwa kwa matabaka, moja juu ya jingine. Ukifuta kitu katika tabaka la juu, cha chini kinabaki, na mwenye nakala anaweza kukifukua.

Yaliwakuta hata wakubwa. Mwaka 2021 kampuni ya Codecov ya Marekani ilitangaza kuwa kosa katika utengenezaji wa kifungashio chake cha Docker lilimwezesha mwizi kuutoa ufunguo. Akaubadilisha mtambo wao ili umpelekee siri za wateja. Wizi ulianza Januari 31, ukagunduliwa Aprili 1.

Jirani zetu wa Uganda nao walionja machungu ya namna yake Oktoba 2020, pale mfumo wa kampuni ya kati ulipopata hitilafu, na huduma za kuhamisha fedha kati ya benki na simu zikasitishwa. Mteja aliyeificha vizuri namba yake ya siri hakusalimika na usumbufu, kwa kuwa mlango uliofunguka haukuwa wake.

Je, dawa ni nini? Kwanza, ufunguo ukae nje ya kontena. Programu ipewe pale tu inapoanza kazi. Docker na Kubernetes vina mahali maalumu pa kutunzia siri. Lakini fundi awe macho: Kubernetes isipopangwa zaidi, siri huhifadhiwa kwa maandishi yaliyogeuzwa sura tu, na yeyote atakayeyafikia atayasoma.

Pili, ufunguo upewe mamlaka madogo. Kama kazi ni kupokea malipo, usiweze kutuma hata faranga moja.

Tatu, ubadilishwe mara kwa mara, na siku hiyo hiyo fundi anapoondoka. Ukivuja, usihangaike kuzisaka nakala, badilisha kufuli.

Aidha, sheria ya Rwanda ya Oktoba 13, 2021 kuhusu ulinzi wa taarifa binafsi inamtaka anayezishika atoe taarifa kwa mamlaka ndani ya saa 48 baada ya kugundua kuwa zimevuja. Kunyamaza si suluhisho.

Kijana alibadilisha ufunguo jioni ile ile, nakala zile tatu zikabaki maboksi matupu.

Sisi tuliokulia ugenini tunakumbuka: siku ya kuhama, vyombo vilipakiwa kwenye gari, lakini karatasi za maana mama alizifunga kwenye pindo la kitenge chake. Kwa hiyo, ndugu mfanyabiashara, kabla hujamlipa fundi wako, muulize swali moja: ufunguo umeuweka wapi?