Kujua Wakati wa Kuiacha Mashine

Kijana wa Kimarekani aliyemaliza sekondari na anayetaka kazi ya kiwandani yenye ujira wa maana halazimiki kwenda chuo kikuu. Vipo vyuo vya jamii. Cha umma kilichotangulia, Joliet cha jimbo la Illinois, kilianza mwaka 1901. Kozi ya teknolojia ya uzalishaji viwandani huchukua kiasi cha miaka miwili, na humwandaa fundi wa kusimama kati ya mhandisi na mwendesha mashine.

Wazazi wengi hudhani kozi hiyo ni ya kubonyeza vitufe. Vitufe ni kazi ya majuma machache. Kigumu, na kwangu mimi ndicho kinachostahili karo yote, ni kujua wakati wa kuiacha mashine.

Chukua mashine ya kukereza inayotoa shafti za kipenyo cha milimita 20. Moja itasoma 20.01, inayofuata 19.99. Ugumu wa chuma haulingani kila mahali, kisu hulika, na joto la karakana hupanda mchana. Mwanafunzi mwenye bidii akiona 20.01 huishusha mashine kwa 0.01, akiona 19.99 huipandisha. Anadhani anatengeneza, kumbe anaharibu. Ikiwa tofauti hizo ni za bahati tu, kuifuata kila moja kwa marekebisho hutawanya vipimo kwa takriban asilimia 40 zaidi kuliko kama angekaa bila kugusa kitu.

Mei 1924, Walter Shewhart, mwanafizikia wa kampuni ya Western Electric, aliandika waraka mfupi wenye mchoro wa kutatua jambo hili. Mchoro uliotokana na wazo lake una mstari wa wastani katikati, na mpaka juu na chini, kila mmoja kwa umbali wa mikengeuko sanifu 3, yaani kipimo cha jinsi matokeo yanavyotawanyika kandokando ya wastani. Nukta za vipimo zikicheza ndani bila mpangilio, tulia. Nukta ikivuka mpaka, au nyingi zikipanda mfululizo, ipo sababu mahsusi: simamisha kazi uitafute. Pengine kisu kimekwisha, pengine umeletewa chuma cha aina nyingine.

Haya hayaingii kichwani kwa kusomewa. Ndiyo maana naupenda mpango wa FAME, ulioanzia Kentucky kwa ushirikiano wa Toyota na chuo cha jamii cha Bluegrass: siku mbili darasani, siku tatu kiwandani kwa malipo. Huko nukta iliyovuka mpaka ni bidhaa ya mteja.

Mwenye ndoto ya kuendelea hadi shahada ya uhandisi awe macho. Shahada nyingi za sayansi tumizi za miaka miwili zimepangwa kumpeleka mtu kazini, na masomo yake mengine huenda yasihesabiwe chuo kikuu, hasa hisabati. Akaulize huko chuo kikuu anakotaka kwenda, tena kabla ya kujiandikisha somo la hisabati la muhula wa kwanza.